Mgongo Wazi wa Siku ya Kwanza

Leo mke wangu ameniambia nionje chumvi, mkono ukakataa.

Wacha niwaeleze.

Miaka ya tisini, hapa Kisumu, nilipata kazi mahali matajiri waliacha mbwa wao wakisafiri.

Siku ya kwanza nikaambiwa nichemshe mgongo wazi, ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki minofu ikipelekwa ng'ambo.

Nikapika vile tunapika kwetu: nyanya, kitunguu, chumvi. Nikaonja.

Mzee niliyemkuta kazini akaninyang'anya mwiko.

"Bwana, unaonja chakula ya mbwa?"

Jioni nikafika nyumbani. Mama yangu alikuwa amepanga foleni kwenye kiwanda cha samaki tangu asubuhi kutafuta kitoweo.

Nikafunua sufuria. Mgongo wazi.

"Baba, hebu onja chumvi," mama akaniambia.

Nikaonja. Nikasema ni tamu.

Nyinyi mngemwambia nini?