Fundi Mwikali na Nyekundu ya Mzee Menza

Hakuna rangi iliyowahi kumshinda Mwikali Kyalo. Ndivyo anavyosema mwenyewe, kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara, akiwa amesimama katikati ya uwanja wa mafundi pale Mishomoroni, bunduki ya kupulizia rangi begani kama askari wa zamu.

"Niletee gari, niletee geti, niletee jeneza," anasema. "Rangi unayoitaka utaipata, na jirani yako atakosa usingizi."

Kisha anaishusha bunduki, anasogeza kilemba nyuma kidogo na kuonesha nywele za utosini.

"Isipokuwa hii. Hii ilinishinda. Nilitaka nyeusi, nikatokea kama papai. Jumapili tatu nimekwenda kanisani na kofia ya mvua, na jua linawaka."

Kompresa inanguruma. Mbele yake limesimama trekta kuukuu la shamba, magurudumu yake ya nyuma yakimfika kichwani. Limeletwa kwa lori kutoka Bamba, likiwa na kiota cha kuku chini ya kiti na yai moja ndani. Yai lilifika zima. Kwa barabara ile, hilo ndilo lililowastaajabisha mafundi kwanza. Trekta walilitazama baadaye.

Mwikali ana miaka hamsini na tisa. Alikuja Mombasa kutoka Machakos akimfuata mumewe, Kyalo, aliyekuwa fundi wa rangi za magari. Siku zile kazi ya Mwikali ilikuwa kupiga msasa na kunyamaza.

"Msasa niliuweza," anasema.

Kyalo alipofariki, mkewe alirithi kompresa, bunduki na wateja wawili. Mmoja wa wateja alimwambia mwanamke hawezi kupaka gari. Siku hizi humletea magari yake yote, na Mwikali humtoza zaidi kidogo, kwa kumbukumbu.

Lakini riziki yake ya kila siku ni matangi ya bodaboda. Tangi moja humpa shilingi mia tano, na hupakwa mtu akiwa amechuchumaa. Magoti yake yamekataa. Akichuchumaa asubuhi, kuinuka kwake ni kazi ya watu wawili na maombi.

Ndiyo maana trekta hili amelipokea kama zawadi.

"Trekta unalipaka umesimama," anaeleza, macho yakimng'aa. "Wima, kama bibi harusi. Hakuna kuchuchumaa, hakuna kulala chini. Nikipata matrekta tu, mimi na matangi tumeachana."

Na anaweza kuyapata. Mwenye trekta ni Mzee Menza Ngala, mstaafu wa bandarini anayeishi Magogoni na kulima Bamba. Sikukuu ya Mavuno mwezi ujao, trekta hili ndilo litakaloongoza msafara kuingia kanisani kule nyumbani, limebeba mahindi na kwaya ya akina mama. Bamba kuna matrekta mengine manne yamelala na kuku. Mzee ameahidi kuwatajia wenyewe jina la fundi, lakini kwa sharti moja.

"Liwe na rangi yake ya asili," alimwambia. "Ile ile marehemu baba aliyolinunua nayo, likiwa jipya. Wazee wanaikumbuka. Ukikosea, fundi, usimwambie mtu kama tunajuana."

"Rangi gani, mzee?"

"Nyekundu."

"Nyekundu ipi?"

Mzee Menza alimtazama kama mtu aliyeulizwa maji ni yapi.

Hapo ndipo kazi ilipo. Kuna nyekundu ya tofali, ya pilipili, ya damu, ya jezi za mpira, na ile ya midomo ya bibi harusi ambayo Mwikali haipaki kwenye chuma. Alimwomba mzee alete mfano. Mzee akaleta nyanya.

Nyanya iliwekwa juu ya boneti. Tatizo ni kwamba ilikuwa bado inaiva. Jumatatu Mwikali alichanganya rangi ikalingana nayo kabisa. Jumatano nyanya ikawa imempita. Akaongeza nyekundu. Ijumaa Kiponda, fundi wa kunyoosha mabati anayefanya kazi kando yake, akaila na chumvi.

"Wallahi sikujua ni kielelezo," Kiponda anajitetea mpaka leo. "Nilijua ni nyanya."

Kiponda ana ushauri pia. Kwake yeye, trekta ni geti lenye magurudumu, basi linunuliwe kopo la rangi ya geti, brashi ya inchi nne, watu waende wakale. Mwikali hakubishana naye. Alipaka kipande cha bati rangi ya geti, akakiacha kikauke vizuri, kisha akakimwagia dizeli kidogo. Baada ya muda akakipitishia kitambaa. Rangi yote ikahamia kwenye kitambaa.

"Trekta linakunywa dizeli, Kiponda, na likinywa linamwaga, kama wewe na uji," alisema. Anachotaka ni rangi ya mashine, yenye kigumishi ndani, inayostahimili mafuta, jua na chumvi ya pwani. Kwenye injini atatumia ile ya kuvumilia moto. Hayo yote anayajua. Asichokijua ni nyekundu ya baba yake Mzee Menza.

Basi anafanya alichofundishwa na Kyalo: anaitafuta pale ambapo jua, mvua na matako ya watu havijafika. Anaondoa kiti, anaondoa kiota, anasugua chini yake kwa msasa laini wenye maji. Nyekundu inatoka. Chini ya nyekundu inachomoza rangi nyingine.

Waridi.

Si waridi ya kubahatisha. Ni ile ya keki ya harusi.

Mzee Menza anapofika kukagua kazi, Mwikali anamwonesha. Mzee anavaa miwani, anaivua, anaivaa tena.

"Hiyo ni nyekundu iliyopauka," anasema. "Jua la Bamba hulijui wewe."

Huo si uongo wa kijinga. Nyekundu ya zamani ikichomwa na jua kweli hugeuka waridi, na dawa yake inajulikana: ukiisugua kwa dawa ya kung'arisha bodi, ukungu wa juu huondoka na nyekundu ikarudi. Mwikali anasugua. Waridi inang'aa, na kuzidi kuwa waridi.

"Tena, mzee, hapa ni chini ya kiti. Jua lilipitia wapi? Ulikuwa umelikalia?"

"Basi ni praima, ile rangi ya kwanza ya kushikia."

Mwikali anasugua zaidi, palepale. Chini ya waridi inatokea buluu, na chini ya buluu ndipo ilipo praima yenyewe, ya kijivu.

"Mzee wangu," anasema taratibu, "kiwandani lilitoka buluu. Mtu akalipaka waridi. Mwingine akaja akalipaka nyekundu. Nyekundu ndiyo mgeni wa mwisho kufika hapa."

Mzee Menza anatazama huku na huku. Anamwomba afunike, apake nyekundu yoyote anayoipenda, na mke wake asiambiwe kitu.

"Ana kifua. Nimemkataza kuja, kwa ajili ya mafusho."

"Hodi, mafundi!"

Mke mwenyewe. Bi Jumwa, mama yake Mweri, anaingia uwanjani na chupa ya chai na mfuko wa viazi vya karai. Kifua chake, kwa sauti ile, hakina neno.

"Karibu, mama," anasema Mwikali, na kabla hajapata kitambaa cha kufunika, Bi Jumwa ameshainama chini ya kiti. Anatazama. Anagusa kwa kidole. Chupa ya chai anaiweka chini.

"Rangi hii naijua," anasema.

"Rangi zinafanana, Mama Mweri," anasema mumewe.

"Nilikuwa dobi hotelini Shanzu kabla hujanioa. Walikuwa wamepaka kila kitu rangi hii. Miavuli, mapazia, kofia za mabawabu. Mapazia yake nimeyafua mpaka nikayaota. Na walikuwa na trekta la kukokota mwani ufuoni asubuhi, wageni wasiukanyage. Nalo walilipaka hivi hivi. Nikianika mashuka nalitazama linavyokwenda na kurudi."

Kiponda ameacha kugonga bati.

"Matrekta ni mengi," anasema Mzee Menza.

"Kweli. Ulipokuja kuniposa, lako lilikuwa wapi?"

"Lilikuwa kwa fundi. Unajua."

"Najua. Baba yako alimwambia baba yangu, mbele ya wazee, huyu mtoto hatashika jembe, nyumbani kuna trekta. Nikafika nyumbani, trekta liko kwa fundi. Nikashika jembe misimu minne, Baba Mweri. Minne! Kila nikiuliza, vipuri viko njiani vinatoka Ulaya."

"Vilichelewa."

"Vikafika mwezi ule ule hoteli ilipofungwa ikauza vitu vyake."

Kiponda anajifanya anakohoa. Mzee Menza anamwambia mkewe mbele za watu si mahali pa maneno haya. Bi Jumwa anasema ni mahali pazuri sana, kuna viazi.

Kisha anamgeukia fundi. "Mwanamke mwenzangu, trekta la hotelini lilikuwa na alama. Kwenye bawa la gurudumu la kushoto, lile bati la kuzuia matope, walichora kaa amevaa kofia. Nisugulie pale. Kama kaa hayupo, paka nyekundu ya mume wangu, nami nitamwomba radhi mbele ya kanisa zima siku ya Mavuno. Akiwepo, trekta linakwenda Mavuno na waridi yake, na kaa wake."

Mwikali ameshika msasa, hajausogeza. Nyuma ya Bi Jumwa, Mzee Menza anatikisa kichwa polepole, kulia, kushoto, akionesha vidole vinne: yale matrekta manne ya Bamba. Mwikali anayafikiria magoti yake. Anayaona matangi ya bodaboda yamejipanga ukutani yakimngoja.

"Samahani, mama," anauliza. "Kazi hii analipa nani?"

"Mahindi yaliyouzwa ni ya jembe langu. Na hayo matrekta manne ya Bamba aliyokuahidi Baba Mweri, matatu ni ya kaka zangu."

Vidole vya Mzee Menza vinashuka.

Mwikali anachovya msasa ndani ya maji na kuanza kusugua bawa la kushoto, akiwa amesimama wima. Nyekundu inatiririka chini kama mchuzi. Waridi inachomoza, safi. Bi Jumwa amekunja mikono. Mzee Menza ameketi juu ya tairi bovu na kupangusa shingo. Kwa muda hakuna kitu ila waridi tupu, na mzee anaanza kunyooka mgongo, hata anatia mkono mfukoni kama mtu anayetaka kununulia watu soda.

Ndipo linapotokea gando moja. Kisha la pili. Kisha macho mawili yaliyosimama juu ya vijiti, na juu ya macho, kofia pana ya manjano, imeinamishwa upande kwa maringo.

Uwanja mzima unamtazama Mzee Menza. Mzee anamtazama kaa.

"Baba," anasema hatimaye, "alipenda sana kaa."

"Baba yako alizaliwa Bamba akafia Bamba," anasema Bi Jumwa. "Siku niliyompikia kaa, alibeba kiti chake akatoka nje, akaniuliza ni nani aliyemtilia buibui ndani ya sufuria."

Kiponda analala juu ya bati lake kwa kicheko. Mwikali hacheki, yuko kazini. Anafungua kopo la nyeupe, anaimimina ndani ya ile nyekundu ya nyanya kidogo kidogo huku akikoroga mpaka inakuwa waridi, kisha anainua kichwa na kumwuliza mteja wake, kwa heshima zote:

"Mzee, na hii kofia, baba alilinunua ikiwa ya manjano hivi hivi?"