Mzani wa Yunisi na Mbuzi wa Suluhu

Miaka huko Ulemo haina haraka. Huja na kupalilia, huondoka na kuvuna alizeti, na katika mwendo huo wa taratibu Yunisi, mke wa Amosi, alikuwa amefikia umri wa kuamkiwa na karibu kila anayekutana naye njiani, ilhali mikono yake imebaki palepale ilipokuwa tangu ujana: kwenye mzani wa watoto. Kwa miaka ishirini na sita, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, aliutundika mzani huo kwenye boriti ya baraza la ofisi ya kijiji. Alimvika mtoto suruali ya kupimia, akamwacha aning'inie akirusha mateke, kisha akausoma mshale kwa sauti. Baadhi ya akina mama waliomletea watoto aliwapima wao wenyewe walipokuwa wachanga, na uzito wao aliukumbuka kuliko tarehe ya ndoa yake.

"Wewe Jenifa ulikuwa kilo tatu na robo," alipenda kusema, "na ukanilowanishia gauni la Pasaka."

"Bibi, hilo gauni utanidai mpaka lini?"

"Mpaka mwanao naye anilowanishe. Hapo nitawasamehe wote wawili."

Mwaka mmoja mvua ilikatika mapema na mtama ukakauka kabla ya kutoa masuke. Shirika moja la misaada likaleta unga wa lishe kwa watoto waliodhoofu. Msimamizi wa ugawaji alikuwa Stefano, mtu wa makamo mwenye adabu ya kupendeza, asiyempita mzee bila kuinama na kumpa shikamoo. Yunisi alimpenda kama mwanawe, akamwekea na kiti chake mwenyewe barazani.

Mwezi wa pili wa mgao, mshale wa mtoto wa Jenifa ulirudi nyuma. Yunisi aliutazama mara mbili.

"Mwanangu, unga huu anakula mtoto au anakula baba yake?"

Jenifa akainama kana kwamba anafunga kamba ya suruali, akanong'ona. Jina lake lilikuwa limefutwa kwenye orodha. Stefano alimwambia aende nyumbani kwake, jioni, peke yake, ndipo litarudi. Alikataa, na tangu siku hiyo hakupewa unga.

Yunisi akafanya lile ambalo mtu yeyote aliyelelewa Ulemo angelifanya: alipeleka neno kwa wazee. Walikaa tisa, Mzee Zefania akiwa mwenyekiti wao. Jenifa akaitwa asimame katikati, aeleze. Stefano akakiri kwamba "ulimi uliteleza," akatozwa mbuzi wa suluhu. Desturi yake ni moja: akishaliwa, jambo limezikwa, na anayelifukua ndiye mkosaji. Jina la Jenifa likarudi kwenye orodha. Yunisi, kwa heshima ya aliyeleta neno, akapewa ini, naye akalila kwa moyo mweupe.

Wiki ya tatu baada ya hapo, Martina, mama wa mapacha, aliinama kwenye mzani uleule, akafunga kamba ileile, akanong'ona maneno yaleyale. Jioni, saa ileile, mlango uleule.

"Mbona hukwenda kwa wazee?" Yunisi aliuliza.

"Nisimame kama alivyosimama Jenifa? Bombani sasa wanamwita Mama Mbuzi."

Siku hiyo Yunisi hakula. Amosi, mumewe, mtu wa mzaha hata msibani, alisukuma sahani karibu naye. "Mke wangu, ugali umekukosea nini?"

"Si ugali. Ni lile ini."

Amosi akaacha mzaha. Akasema: "Ukilifukua, watakutenga. Hawatakuletea watoto."

Yunisi alilijua hilo vyema. Bila watoto kwenye mzani, hakujua angekuwa nani.

Asubuhi alikwenda kwanza kwa Jenifa. "Mwanangu, nilikusudia kukusitiri, nikakuanika. Nimekuja kuomba msamaha, na kuomba ruhusa. Ukisema hapana, sitakutaja."

Jenifa alikuwa akitwanga. Mchi ulipanda na kushuka mara kadhaa kabla hajajibu. "Bibi, mbele ya wazee tisa nilisema neno ambalo hata mama yangu sijamwambia. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu ananiuliza kama nataka." Akauweka mchi chini. "Nenda."

Martina naye akaruhusu. Ofisini hapo kijijini palikuwa na sanduku la malalamiko, lenye kufuli zuri, ila ufunguo alikuwa nao Stefano. Kwa hiyo Yunisi alipanda basi la asubuhi hadi Kiomboi, kwenye ofisi kubwa ya shirika, akaketishwa mbele ya dada mmoja, Scholastika, aliyepewa kazi ya kupokea taarifa za namna hiyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kushtaki, na katika mashtaka hayo mimi nami nimo. Andika kwamba nilikula mbuzi."

Scholastika hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaeleza kwa upole kwamba kila mama ataulizwa na mwanamke mwenzake, mahali atakapochagua mwenyewe, na asiyetaka kusema hatalazimishwa. Unga wa watoto hautakatika kwa sababu yoyote. "Na jina lako, mama, halitatoka humu."

"Litatoka," akasema Yunisi. "Ulemo nzima imeniona nikipanda basi."

Stefano akasimamishwa kazi siku zilezile, na uchunguzi ulipokamilika akafukuzwa, jalada lake likapelekwa polisi. Sanduku likahamishiwa zahanati, ufunguo ukaenda Kiomboi. Lakini wazee walikasirika. "Amekula nyama yetu, akatutemea mfupa," alisema Mzee Zefania mbele za watu, akaonya kwamba asiyeheshimu suluhu asipelekewe mtoto.

Jumatano ya kupima iliyofuata Yunisi aliutundika mzani na kusubiri. Jua likapanda. Barazani palikuwa na Amosi peke yake, akijifanya anatengeneza kiti ambacho hakijavunjika.

"Nipime mimi basi," akasema.

"Kamba haitakubeba, mzee wangu."

Ndipo alipokuja Jenifa, kisha Martina na mapacha wake, kisha wengine wanne. Mwezi uliofuata walikuwa kumi na tisa. Na mwezi wa tatu, foleni ikiwa imefika hadi barabarani, alikuja Mzee Zefania mwenyewe, amembeba mjukuu aliyeachiwa na bintiye mgonjwa. Hakuomba radhi, wala Yunisi hakumdai. Mzee akajaribu kumwingiza mtoto kwenye suruali, mguu mmoja ukatokea kusikostahili, mtoto akalia.

"Shika vizuri, Mzee Zefania. Huyu si mbuzi."

Kicheko kikapita foleni nzima, na mzee naye, baada ya kuvumilia kidogo, akacheka. Yunisi akausoma mshale: kilo saba na nusu. Akalirudia jina la mtoto taratibu, kama afanyavyo kwa kila anayekusudia kumkumbuka.

Ee Mola mwenye rehema, uliyeweka mizani ya haki kabla ya vilima vya Iramba kuwapo, mlinde mama huyu na macho yake yasomayo mshale. Mzidishie Amosi siku na mzaha wake. Watoto wao na wajukuu uwape shibe na usingizi wa amani, na kila aliyepita mikononi mwa Yunisi umhesabu kuwa wa nyumba yake. Amina.