Mchanga Waliouita Eneo Wazi

Mama yangu alikuwa anaanika dagaa Bangwe, kando ya ziwa, kwenye mchanga ulio nyuma ya mwalo, pale maboti ya uvuvi yanaposhusha samaki. Nilimsaidia tangu nimalize darasa la saba. Hapakuwa na hati wala uzio, lakini kila mama alijua sehemu yake inaishia wapi.

Miaka ile maboti yalikuwa yanashusha wakimbizi karibu kila wiki, na halmashauri ikatafuta pa kujenga banda la kuwapokea. Hatukupinga banda. Watu walilala na watoto kwenye mawe, tuliwaona. Ndipo wakaja wanafunzi wa chuo kikuu, wa shahada ya pili ya mipango miji. Walisema watapanga pamoja na wananchi. Walikaa siku sita. Walipima, wakauliza tunachota maji wapi na tuna choo cha namna gani, wakanywa chai kibarazani kwetu. Mimi niliimimina tu. Sisemi mbele ya wageni.

Mwezi uliofuata wakatuita kwenye darasa la shule kutuonyesha ramani. Nyumba zetu zilikuwepo, hata choo cha jirani kilikuwepo. Mchanga wetu ulipakwa rangi ya njano, umeandikwa ENEO WAZI, na katikati yake wamechora banda.

Mama hajui kusoma. Akanigusa goti. "Pale kwetu wameandika nini?"

"Wameandika hakuna kitu."

Akasimama. "Wanangu, pale tunaanika sisi."

Kijana mmoja wao akamjibu kwa adabu, "Mama, tulipita pale asubuhi na jioni, siku zote sita. Hatukukuta hata dagaa mmoja. Na picha tumepiga."

Mvuvi mmoja mzee akauliza kutoka nyuma, "Usiku mlitembea na tochi?"

"Hapana, mzee. Kulikuwa na mwanga."

"Basi! Kwenye mbalamwezi nani anavua? Dagaa hafuati taa ya karabai mbingu ikiwaka. Shahada mbili hizo, na hili hamjui?"

Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka. Walitukuta nyumbani mchana kutwa, siku sita, kwa sababu kazi ilikuwa imesimama. Wakatuuliza mambo ya choo. Hakuna aliyeuliza kwa nini tumekaa.

Mwalimu wao wa chuo, aliyekuja nao, akasema, "Hoja nzuri sana. Tutaiweka kwenye maoni ya wananchi."

Nikajikuta nimesimama. "Msiiweke kwenye maoni. Futeni hapo."

"Dada, hii ni nakala tu. Ramani yenyewe imeshafika halmashauri."

Nilikaa. Nilikuwa na mengine ya kusema, na mpaka leo yananiunguza.

Mafundi walikuja kuchimba msingi zile siku za giza, usiku hauna mwezi na mavuno yamejaa. Mchanga wote ulikuwa mweupe kwa dagaa wa asubuhi ile, bado wabichi. Msimamizi akaingia katikati yao na viatu, akatuambia tuzoe.

"Ramani inaonyesha hapa pako wazi, mama."

"Sasa hicho unachokanyaga ni nini?" mama akamuuliza.

Tulizoa kwa mikono hadi adhuhuri. Nusu wakaoza kwenye mabeseni. Siku hizi tunaanika kando ya barabara, na wanunuzi wanatuambia dagaa wetu wananuka moshi wa magari. Kweli, wananuka.