Mwanaume Anayekuja Kunioa Alimfanya Baba Yangu Adhabu

Admin, naomba jina langu lisionekane popote, kuna watu wa kwetu wanafuata hii page. Mimi ni msichana wa miaka thelathini na moja, nauza dawa kwa duka moja Embu town na naishi mtaa wa Majimbo. Nimelelewa na baba peke yake huko chini Mbeere, mama alituacha nikiwa mdogo. Baba ni mtu wa mbuzi na mizinga ya nyuki. Huniita "mama" kwa sababu nimepewa jina la mamake. Wenye mtacheka, chekeni, mwezi huu nimechekwa ya kutosha.

Kuna mwanaume wa Meru town, nimwite Mwenda. Tulikutana kwa ile tamasha ya bia hufanywa huko kila mwaka, zile bia watu wanajipikia wenyewe, si hizi za kiwanda. Aki mimi hupenda hiyo siku, siwezi danganya. Unapewa kaglasi kadogo unazunguka meza kwa meza. Huyu ameweka tangawizi, yule embe, mwingine kahawa ya Embu, na wewe unanusa na kutikisa kichwa kama mtaalamu na hujui chochote. Mwenda ndiye hushika maiki. Huyo jamaa ana mdomo! Nilimpendea huo mdomo, sasa ndio unaniua.

Mwaka huu akaniambia, "Babe, leta mzee na muratina yake, watu wa town waonje kitu ya ukweli." Woi, vile nilifurahi! Muratina ni pombe ya asali, na baba hupikia tu harusi na wazee. Kwetu mzee akikupa muratina kwa mkono wake hiyo si kinywaji tu, ni baraka. Unapiga magoti, anakuombea, ndio unakunywa. Baba alipika ile asali yake nzuri, akanyoa ndevu, akavaa suti ya kanisa, akakuja amekumbatia kibuyu kama mtoto mchanga. Tukamweka kwa kiti karibu na jukwaa, na mimi nikaenda kuonja zangu.

Nilikuwa kwa meza ya bia ya ndizi nikasikia nduru. Kuenda kuangalia, Mwenda ameanzisha mchezo. Watu wanafungwa macho, wanaonjeshwa bia, wanataja imetengenezwa na nini. Ukikosa, unapelekwa kwa baba, unapigishwa magoti, unakunywa muratina. Mwenda anatangaza kwa Kizungu kwamba hiyo ndiyo adhabu, afadhali viboko, na umati unalia kwa kicheko. Watu wanaziba pua. Msichana mmoja alitema kwa nyasi mbele ya baba kabisa.

Na baba hajui Kizungu. Anachoona ni vijana wanapiga magoti mbele yake mmoja baada ya mwingine. Alikuwa anavua kofia, anashika kikombe kwa mikono miwili na kuwaombea wapate kazi, wapate watoto, wasife wakiwa wadogo. Anawaombea kwa Kimbeere polepole, hata mmoja hakumruka. Kadiri anavyoomba ndivyo wanavyocheka. Yule aliyetema, baba alimpangusa mdomo na leso yake akamwongezea.

Nilitaka kurukia ile maiki. Baba akaniona, akanipungia mkono, macho yamejaa machozi. "Mama, kuja uone! Kumbe watoto wa Meru wana heshima hivi?" Sasa wewe ungemwambia nini? Nilitabasamu. Nilisimama hapo nikitabasamu mpaka kibuyu kikaisha.

Nikamshika Mwenda nyuma ya hema nikamwambia amenivua nguo. Hata hakushtuka. "Mzee alifurahi ama hakufurahi? Si alifurahi? Basi nani ameumia? Na tuambiane ukweli, babe, hiyo kitu inanuka soksi. Hata wewe hunywi." Halafu akaenda kupiga picha na watu. Video aliweka mtandaoni usiku huohuo, na wengi wenu mmeiona. Kuna mwenye alinionyesha akiwa mbele yangu dukani anangoja dawa, akaniambia nicheke kidogo.

Baba hana simu ya kuona hayo. Kijijini anawaambia wazee kwamba Mwenda amempa heshima hajawahi kupewa na mtu, hata na watoto wake mwenyewe. Aliniangalia akisema hivyo.

Jumamosi hii Mwenda na watu wake wanakuja kwetu kwa mahari. Desturi yetu mnaijua, baba atanipa pembe ya muratina mbele ya watu wote aniulize, "Mama, tunywe?" Nikionja nimrudishie, nimeolewa. Nikikataa, wageni wanarudi na mbuzi zao, lakini lazima niseme sababu, na baba hataniacha nikae mpaka niiseme. Niiseme aje? Nimwambie kila mtoto aliyemuombea alikuwa anamcheka? Huyo mzee hatainua kichwa tena, namjua.

Nilikuwa karibu kuamua ninywe tu niyameze yote, hadi jana. Mwenda alipiga simu akiwa na furaha sana. Anakuja na kamera mbili. Watu wa mtandaoni wanauliza yule guka, yaani babu wa muratina, atarudi lini, na ameshaongea na baba, na baba amekubali. Baba amemwambia atawabariki wote watakaokuja.

Jamani, mwenye akili anisaidie kabla ya Jumamosi. Hiyo pembe ikiwa mkononi mwangu na baba ananiangalia, nimjibu nini?