Maji ya Mvua Peke Yake

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kofia nyekundu, bamba la shaba la kuvaa kifuani, na ufagio. Kofia na bamba ni vitu vya askari, na ufagio ni wa topasi, yule mfagizi wa njia. Nikasimama nje ya ofisi pale Malindi, bamba kifuani na ufagio begani, sijui nitembee kwa maringo au niiname nifagie. Mpaka nastaafu jambo hilo halikunikaa sawa.

Bwana Afya wa kwanza, Mzungu mrefu aliyependa kusimama amejishika kiuno, alinipeleka kunionyesha mfereji. Ulikuwa wa mawe na chokaa, wazi juu, ukianzia nyuma ya maduka ya Wahindi, ukapita mbele ya milango ya mtaa wetu na kuishia pwani. Ulijengwa upokee maji ya masika yasiingie majumbani.

"Humu maji ya mvua peke yake," akasema. "Mengine hapana. Wewe angalia."

"Na mvua isiponyesha, bwana?"

"Basi mfereji mkavu. Kama si mkavu, wewe tafuta mtu."

Ndiyo elimu yote niliyopewa. Iliyobaki nilijifundisha mwenyewe. Wakati wa kiangazi nilitembea kutoka pwani kwenda juu nikifuata unyevu, mpaka pale unapokoma, na hapo pana mlango wa mtu. Nikiona rangi ya buluu najua ni dobi. Nikiona mashudu, yale makapi ya ufuta uliokamuliwa, najua ni kwenye kinu cha mafuta, ambako ngamia alizunguka kutwa amefungwa macho. Nilimwonea huruma ngamia yule, lakini angalau yeye alijua njia yake.

Magamba ya samaki yalikuwa ya Bi Zuhura, aliyekaanga samaki na kuuza kibarazani kwake. Alikuwa mtu mzima kuliko mimi, mdomo wake wembe, na alikaa na mamake mkongwe, Bi Mwanaesha, katika nyumba isiyo na mwanamume. Nilimwonya mara ya kwanza, nikamwonya tena.

"Athmani mwanangu," akaniambia, "maji ya birika la msikiti yapita mferejini humu humu. Maji yaliyooshea miguu ya wanaume wa mji mzima yaruhusiwa, yaliyooshea samaki wangu ni haramu. Hebu nieleze."

Nilikuwa nimekwisha kumuuliza Bwana Afya habari ya maji ya udhu, naye akatazama msikiti, akatazama mfereji, akasema, "Hayo acha." Sababu hakunipa. Basi Bi Zuhura nikampeleka barazani kwa hakimu, akapigwa faini, na tangu siku hiyo salamu yangu ikawa haijibiwi. Nampa shikamoo, yeye apuliza moto.

Ili watu wapate pa kumwaga, Bwana yule aliamuru kila nyumba ichimbe karo uani, yaani shimo la maji machafu. Watu walinung'unika, wakachimba. Kisha akahamishwa, akaja Bwana Afya wa pili, mfupi, mwepesi wa kutembea kiasi kwamba nilimkimbilia nyuma. Huyu alichungulia karo moja akaona viluwiluwi vya mbu, akachungulia nyingine akaona imekaribiana na kisima. Akaamuru karo zote zifukiwe, na asichimbe mtu shimo lolote ndani ya mji.

"Na mfereji, bwana?" nikauliza, nikidhani sasa utafunguliwa kwa maji yote.

"Mfereji maji ya mvua peke yake."

"Basi watu wamwage wapi?"

"Baharini. Kuna ndoo, kuna miguu."

Nikawa napita mlango kwa mlango kufukia mashimo ambayo miezi iliyopita nilipita mlango kwa mlango kuamuru yachimbwe. Watu walinitazama kama mtu aliyeingiwa na wazimu, nami sikuwalaumu.

Hali ikawa hiyo mpaka asubuhi aliyofariki Bi Mwanaesha. Nilikuwa naondoa majani mferejini nikaitwa nyumbani kwa Bi Zuhura. Nilimkuta amekaa kizingitini, macho yamemvimba. Kwa mara ya kwanza tangu ile kesi, alinijibu salamu.

"Mwosha yuko ndani," akasema. "Kaburi lachimbwa. Nimekwita unambie, maji ya mamangu yaende wapi?"

Lazima niwaeleze nyinyi mnaosoma. Kwetu maiti huoshwa chumbani, na chini ya kitanda huchimbwa ufuo, yaani handaki fupi la kupokea yale maji. Kuosha kukisha hufukiwa, na sakafu ya udongo hushindiliwa juu yake. Maji hayo hayapitishwi njiani, wala hayakanyagwi. Sasa ufuo ni shimo, na shimo lilikuwa limekatazwa. Hakuna aliyefiwa mtaani mwetu tangu amri ile itoke, kwa hiyo swali lenyewe halikuwa limeulizwa.

"Si nichimbe tu, Bi Zuhura?" nikasema.

"La. Faini moja yatosha. Mamangu hakupata kusimama barazani hata siku moja, na leo hatatoka humu kaniwachia kesi. Nenda kaulize."

Nikaenda mbio. Bwana Afya alikuwa ofisini anakunywa chai.

"Bwana, kuna maji ya maiti."

"Maji machafu?"

Nitasemaje kwamba maji ya Bi Mwanaesha, aliyenipa kashata utotoni, ni machafu? "Si machafu, bwana," nikasema.

"Ni maji ya mvua?"

"Si ya mvua."

"Basi mferejini hapana."

"Na shimo, bwana? Shimo dogo, litafukiwa leo leo."

"Amri ni shimo lolote. Peleka baharini, kama maji mengine. Ndoo."

Nilirudi polepole. Kila hatua nilijaribu kupanga maneno, na kila nilipoyapanga yalivunjika. Yale maji yabebwe kwa ndoo mbele ya maduka, yamwagike njiani, wapagazi wayakanyage. Nilimwambia Bi Zuhura vile vile nilivyoambiwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akajifunika uso kwa leso yake akalia bila sauti. Mwosha, bibi mmoja mnene wa mtaa wa pili, akatokeza kichwa mlangoni.

"Kwa hivyo sheria yasema asioshwe?" akauliza.

Jua lilikuwa linapanda. Nilivua lile bamba nikaliweka kizingitini, nikaomba jembe. Maiti alikuwa chumba cha ndani, amefunikwa, kwa hiyo niliruhusiwa kuingia chumba cha kuoshea. Nikachimba. Shimo lilikuwa limenifika magotini niliposikia viatu kibarazani, na sauti ya Bwana Afya. Amekuja kuhakikisha kwamba ndoo zinakwenda baharini.

"Unafanya nini?"

"Nachimba shimo, bwana."

"Nani ameruhusu?"

Aliyejibu ni Bi Zuhura, kutoka nyuma ya pazia.

"Mwenye nyumba. Huyo alolala huku ndani."

Bwana Afya alitazama lile handaki, akatazama kitanda cha kamba kilichosubiri ukutani. Akavua kofia yake, akaondoka nayo mkononi. Bi Mwanaesha akaoshwa, akazikwa kabla ya alasiri, na ufuo nikaufukia mimi na kuushindilia.

Kesho yake nilingoja kufukuzwa. Sikufukuzwa. Wala sikusifiwa, wala amri haikubadilishwa. Baada ya muda nikahamishiwa Ngomeni kusimamia mifereji, na Ngomeni hakukuwa na mfereji hata mmoja, mchanga mtupu. Mpaka leo sijui kama ile ilikuwa adhabu au zawadi. Baadaye nilipelekwa Takaungu, nikarudi Malindi chini ya Bwana Afya wa tatu, aliyeamuru karo zichimbwe upya.

Ama Bi Zuhura, matanga yalipokwisha tu nilipita pale nikakuta magamba yanateremka mferejini. Nikampa shikamoo. "Marahaba, mwanangu," akajibu, akamwaga yaliyobaki. Nilisimama na bamba langu kifuani nikiyatazama yakienda.

Sasa nimestaafu, na vijana wa kazi ile huja kuniuliza maji machafu hasa ni yapi. Nawaambia kweli: sijui. Wanangu nimewausia jambo moja tu. Siku yangu ikifika, chimbeni ufuo mapema, wala msimtume mtu ofisini kuuliza. Mkiuliza, mtaambiwa mchukue ndoo.