Sultani na Vijana wa Kuzuia

Shemeji yangu Sultani alipouona mchezo wa futiboli ya Kimarekani kwa mara ya kwanza, hakuupenda hata kidogo. "Wanasukumana, halafu wanasimama na kujadiliana," aliniambia jioni ile nyumbani kwao Molenbeek, mtaa wa Brussels. "Kama watu wanaohamisha kabati."

Yeye ni mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura, na shuleni alicheza raga. Vita vilimtoa Burundi angali kijana, akafika Brussels, akasomea kazi ya kuwahudumia wazee. Ndiyo kazi yake mpaka leo, katika nyumba moja ya wazee kule Etterbeek. Dada yangu Hawa, mkewe, anauza vitenge kwenye barabara ya Chaussée de Wavre.

Miongoni mwa wazee wa Sultani alikuwapo Papa Staf, yaani Baba Staf, padri mstaafu aliyeishi Bukavu, Kongo, miaka mingi na aliyezungumza Kiswahili cha huko huko. Dirisha la chumba chake lilitazamana na uwanja ambapo wanafunzi wa chuo walifanyia mazoezi ya mchezo huo. Siku moja akasema, "Mutoto yangu, unipeleke pale. Nataka kuona bale batoto karibu."

Sultani akamsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi kando ya uwanja. Vijana walikuwa wakijifunza kumwangusha mwenye mpira, na mmoja wao kila mara aliingia ameinamisha kichwa, macho chini. Sultani alivumilia, akavumilia, mwisho akashindwa. "Kichwa juu!" alipiga kelele, kwa Kiswahili, bila kukusudia. "Utavunja shingo, wewe!"

Kocha wao, Pieter, aliyekuwa akiiendesha timu peke yake, akawaendea. Sultani alidhani anafukuzwa.

"Umewahi kucheza?" Pieter aliuliza kwa Kifaransa.

"Raga. Huu wenu siujui."

"Sina mtu wa kufundisha ulinzi. Njoo Alhamisi."

"Hata sheria zake sizijui."

"Vijana watakufundisha."

Kabla Sultani hajajibu, Papa Staf akadakia. "Atakuja," alisema. "Na mimi nitakuja naye."

Ndivyo alivyoanza, na alianza vibaya. Katika mchezo huo wanaoshambulia na wanaozuia ni watu mbalimbali. Upande mmoja ukiingia uwanjani, mwingine unatoka. Sultani alikabidhiwa wale wa kuzuia, akawafundisha alichokijua, yaani kumfuata mwenye mpira wote kwa pamoja. Wapinzani wakawa wanaurusha mpira juu ya vichwa vyao, kwa mtu aliyesimama huko nyuma peke yake. Msimu ule walifungwa mpaka Pieter akaacha kuutazama ubao wa matokeo.

Lakini Sultani hakuacha. Hawa alikuwa akimkuta jikoni amepanga vikombe na vijiko mezani, akivisogeza huku na huko.

"Na kikombe hiki ni nani?" Hawa aliuliza siku moja.

"Huyo ndiye anayerusha mpira."

"Basi mwambie apishe, nataka kuweka chakula."

Vijana nao walimfundisha kweli, kama Pieter alivyoahidi, nao wakampenda. Nadhani ni kwa sababu hakumfokea mtu mbele ya wenzake. Aliyekosea aliitwa pembeni, Sultani akachuchumaa naye kwenye majani, wakaongea kwa sauti ya chini mpaka kijana akatabasamu. Aliyeumia alitembelewa nyumbani, na mara nyingi Sultani alibeba sambusa za Hawa.

Ila mchezo ulipopamba moto, Kifaransa kilimtoka kichwani na Kiswahili kikaingia. Vijana wakazoea. Akisema "ukuta," walisimama bega kwa bega. Akisema "rudi," walirudi nyuma kulinda mpira wa juu. Akisema "nyuki," wote walimrukia mrushaji. Wapinzani hawakuelewa neno. Timu ikaanza kushinda, na baada ya misimu michache ikafika fainali, dhidi ya timu moja ya Liège.

Siku ile nilipanda treni na Hawa kwenda kuwatazama. Sultani aliita "nyuki," vijana wakaruka, na mrushaji wa Liège akautoa mpira haraka kabla hawajamfikia. Akaita "rudi," na Liège wakakimbia na mpira mikononi, pale palipoachwa wazi. Ikawa hivyo tena na tena. Kisha mchezaji mmoja mrefu wa Liège akapita mbele ya Sultani, akamwambia kwa Kiswahili, kwa heshima kabisa, "Papa, nyuki yako haiume leo."

Sultani akaanza kucheka.

"Unacheka nini?" Pieter aliuliza, uso umemwiva.

"Mtoto wa Uvira yule, ng'ambo tu ya Bujumbura," Sultani alisema. "Anatusikia kila kitu. Tumekwisha."

Wakati wa mapumziko aliwakusanya vijana wake, akawafundisha maneno mawili ya Kirundi: *genda*, mkimbilieni mrushaji, *garuka*, rudini nyuma. Lilikuwa wazo zuri, isipokuwa katika kelele za uwanjani maneno hayo yalifanana mno. Sultani aliita, nusu ya vijana wakaenda mbele, nusu wakarudi, na wawili wakagongana wakaanguka. Liège walichukua kombe.

Mchezo ulipokwisha, yule mrefu alivua kofia yake ya kinga, akaja, akaupokea mkono wa Sultani kwa mikono miwili. Jina lake lilikuwa Éliézer.

"Papa, unisamehe."

"Nikusamehe nini? Umetumia lugha ya mama yako. Umekula?"

Hakuwa amekula. Tulirudi naye kwa treni mpaka Brussels, akala pilau kwa Hawa, akaongeza, na katikati ya sahani ya pili akasema kwamba mwaka unaofuata angehamia Brussels kuendelea na masomo. Sultani alimsogezea kachumbari.

Éliézer alijiunga nao, na Sultani akamtoa kwenye ushambuliaji, akamweka katikati ya walinzi. Majira ya baridi ya mwaka ule Papa Staf alifariki usingizini. Hakuwa na ndugu aliyebaki, kwa hiyo Sultani, Mwislamu, aliketi kanisani benchi la mbele, na Éliézer na vijana wenzake wakalibeba jeneza wakiwa na jezi zao. Sultani alilia bila kujificha. Majira ya machipuo yalipofika walitwaa ubingwa.

Baadaye Pieter alipata kazi Ghent, na chuo kikampa Sultani timu nzima. Alikubali kwa sababu sote tulimwambia akubali. Ulikuwa mwaka mgumu kwake. Ilimbidi ahudhurie mikutano, awaridhishe wazazi, aamue nani akae nje. Na mazoezini alisimama katikati ya uwanja, akiwatazama walinzi kwa mbali, mtu mwingine akiwafundisha. Hawa ndiye aliyemwambia, "Umerudi kimya tena. Cheo hiki hakikupendi."

"Nami sikipendi," Sultani alisema, na kesho yake akaomba arudishwe alikotoka.

Kocha mpya, Eline, aliyewahi kucheza katika timu ya wanawake, alikuwa na wasiwasi kumwongoza mtu aliyekuwapo kabla yake. Akamuuliza anahitaji nini ili wafanye kazi vizuri.

"Nipe kona ile ya uwanja na vijana wangu," Sultani alimjibu. "Na usiniite mkutanoni."

Eline alicheka, akampa vyote viwili. Msimu huu wamefungwa mara moja tu, siku ya mvua, na hata mara hiyo Sultani anashikilia kwamba uwanja umeinama.