Numero Saba wa Kizuka

Siku yangu ya kwanza kazini, pale chuoni Bujumbura, mkuu wa kitivo hakuniuliza nimesoma nini. Sote tulimwita Monsieur le Doyen, hata nyuma ya mgongo wake. Alinipa vipande viwili vya chaki na daftari jeusi, akafunga mlango.

"Hii ni carnet ya terrain," alisema. Terrain ni huko nje, kwa watu, mahali ambapo mwanasosholojia anapata chakula chake. "Mutu akisema na wewe, jina yake unaficha. Unamupa numero. Ukishaficha jina, umemaliza."

"Ndiyo, Monsieur le Doyen."

Nilikuwa mtoto wa fundi cherehani wa Rumonge, ndani ya suti ya kuazima. Angeniambia nile ile chaki, ningekula. Nawaandikia vijana mnaoanza kazi hii leo kwa sababu agizo lile nililishika miaka mingi kama sala, na lilikuwa na kasoro ambayo mimi, mzaliwa wa pwani hii ya Ziwa Tanganyika, nilipaswa kuiona kabla ya mtu yeyote.

Nilifundisha, nikapanda ngazi, nikaitwa Profesa. Kisha nikatumwa Kizuka, vilimani juu ya Rumonge, kwenye mashamba ya michikichi, kuchunguza ugomvi wa mipaka kati ya wenyeji na familia zilizorudi kutoka uhamishoni Tanzania. Kazi yenyewe ilikuwa mahojiano: unakaa na mtoa habari, unauliza, unanyamaza, unaandika. Kunyamaza ndiko kugumu.

Mtoa habari wa saba alikuwa mjane Mwislamu aliyepika sabuni ya mawese. Alikuwa amegawana shamba lake kwa amani na familia iliyorudi, na katikati wakapanda minyaa, ile mimea ya utomvu mweupe ambayo huku kwetu ndiyo alama ya mpaka. Asubuhi moja minyaa yote ilikutwa imeng'olewa. Familia ile ilimshuku yeye, yeye akanyamaza. Mimi ndiye niliyemfanya aseme.

"Niliona kwa macho yangu," aliniambia huku akinimiminia kahawa. "Ni batu ya mwenye kinu ya kukamua mawese. Anataka tugombane, tuuze, anunue. Lakini Profesa, mawese yangu napata kwake. Akijua ni mimi, sipiki tena. Batoto bangu batakula nini?"

"Jina lako halitaandikwa, mama. Nakuahidi."

Na sikuliandika. Katika ripoti niliandika hivi: mjane, numero saba, mpika sabuni, aliona minyaa iking'olewa na vibarua wa mwenye kinu. Niliisoma mara tatu nikitafuta makosa ya Kifaransa.

Mkutano ulifanyika uwanjani, mchana kweupe. Afisa aliyetumwa kusuluhisha alisimama na ripoti yangu mkononi, akaanza kuitafsiri kwa sauti, fungu kwa fungu. Mwenye kinu alikaa kiti cha mbele, fimbo magotini. Nilikuwa nimekaa kando nikijisikia mtu mkubwa. Afisa alipofika kwenye maneno "mpika sabuni," vichwa vyote viligeuka upande mmoja. Kizuka yote ilikuwa na mpika sabuni mmoja tu.

Mwenye kinu naye aligeuka, taratibu, bila hasira yoyote usoni, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Numero saba iko wewe, mama?"

Mjane alinitazama mimi. Ningeweza kusimama, niseme ripoti ni yangu, anayetaka kuuliza aniulize mimi. Nilikaa. Nilikuwa naogopa, wala sina jina jingine la kuliita jambo lile. Kisha yeye akasimama, akajifunga kitenge vizuri.

"Ni mimi," alisema. "Niliona. Na wewe unajua niliona."

Mpaka ulirudishwa siku ile ile, na familia iliyorudi ilimwomba radhi mbele ya watu. Katika vitabu vyetu huo ungeitwa ushindi. Lakini kinu kilifungwa kwake. Msimu mzima wa mvua alishuka Rumonge mjini kwa miguu kutafuta mawese, bidoni, yaani dumu, kichwani. Nilipokwenda kumwomba msamaha alinikaribisha kitini, ila kahawa hakunipa.

Nilirudi kwa Monsieur le Doyen. Wakati huo alikuwa mzee, anasubiri pensheni.

"Kuanzia leo," nilimwambia, "hakuna ukurasa utakaotoka kabla sijamsomea mwenyewe aliyenena, kwa lugha yake. Akisema futa, nafuta."

"Hiyo si science. Hiyo ni kuomba ruhusa."

"Ndiyo, Monsieur le Doyen. Ni kuomba ruhusa."

Alitikisa kichwa, akaniacha. Nilisoma kurasa kwa wavuvi wa Magara huku wakinisahihisha na nyavu mikononi, nikasoma kwa wakulima wa Kabezi. Wanafunzi walininung'unikia kwamba nawachelewesha. Nusu ya maneno matamu ya tasnifu zao yalifutwa na watu wasiojua kusoma. Mimi na zile familia mbili, ya mjane na ile iliyorudi, tuliandika barua, tukagonga milango ya ofisi mpaka tukachoka, hadi wakapata kinu chao kidogo cha mkono. Hilo halikufuta siku ile uwanjani.

Sasa nimestaafu. Wiki iliyopita nilipanda Kizuka na kurasa hizi mfukoni. Yule mjane amezeeka kuliko mimi, mikono yake imebabuka kwa magadi. Nilimsomea zote. Hakunikatiza mpaka mwisho.

"Rudia pale penye ulikaa."

Nikarudia.

"Hukupunguza?"

"Sikupunguza."

Akainuka, akaleta birika, akanimiminia kahawa.

"Basi toa ile numero. Uandike jina yangu."

"Lote, mama?"

"Lote. Na sabuni uiache palepale."

Anaitwa Zaina binti Ramadhani, wa Kizuka. Anapika sabuni.